El Vasco na Mabenchi Yake

Javier Aguirre alizaliwa Mexico City mwaka 1958 kwa wazazi wa Kibaski, na jina la utani "El Vasco" likamganda. Kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia 1986, Mexico ikiwa nyumbani dhidi ya Ujerumani Magharibi, alilimwa kadi nyekundu. Wenzake wakatolewa kwa matuta.

Alipogeuka kocha, sifa yake ikawa kuzibeba timu za kawaida. Osasuna aliifikisha fainali ya Kombe la Mfalme 2005. Msimu uliofuata ikamaliza ya nne Hispania, mbele ya Sevilla waliotwaa Kombe la UEFA mwaka huohuo. Mallorca nayo ikafika fainali 2024. Zote mbili alipoteza.

Afrika nayo inamjua. AFCON 2019, Misri yake iliwafunga Zimbabwe, DR Congo na Uganda bila kuruhusu bao hata moja. Kisha, jijini Cairo, Afrika Kusini wakafunga dakika ya 85, na usiku uleule akatimuliwa. Mechi moja tu!

Mwaka 2024 Mexico ilimwita kwa mara ya tatu. Mwaka uliofuata akabeba Kombe la Dhahabu.