Wewe Ni Mtoto wa Nani?



Somo letu ni Yona, sura ya 1 na ya 2. Yona alilipa nauli, akaingia merikebuni, akashuka chini kabisa, akalala usingizi. Alitaka kusahau kwamba ametumwa. Tufani ilipovuma, mabaharia wasiomjua Mungu wake ndio waliomwuliza kazi yake, atokako, nchi yake na taifa lake. Aibu iliyoje! Wapagani wanamkumbusha nabii yeye ni nani.

Na sisi wa Fizi na Baraka tumevuka maji. Vita ya mwaka 1996 ilipotufikia, tuliingia mitumbwini usiku, tukavuka Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, tukaishi katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Huko wengine wetu tulijiandikisha kwa jina la mtu mwingine ili tupate kadi ya chakula. Jina la baba tukaliacha ziwani. Watoto wetu wakazaliwa ndani ya jina hilo la njaa.

Mwaka 2005 meli za HCR zilianza kuturudisha. Kijana anashuka Baraka, mzee anamwuliza: «Wewe ni mtoto wa nani? Kijiji chenu ni kipi?» Kijana anatazama chini. Yeye hakusahau, hakuambiwa. Tuliosahau ni sisi wazazi.

Tena wazee wetu wanapungua. Yuko mama mmoja kanisani tuliyevuka naye. Leo hatambui hata watoto wake. Kila ibada tunamshika mkono, tunamtajia jina lake, naye anatabasamu. Mungu hakumsahau. Lakini majina ya mababu aliyoyajua yeye, nani atatuambia? Tulichelewa kuuliza.

Yona alipoulizwa hakuficha. Alikiri kwamba yeye ni Mwebrania, amchaye Mungu aliyeumba bahari na nchi kavu. Na ndani ya tumbo la samaki, alipokata tamaa, alimkumbuka Bwana. Alikumbuka kwanza, ndipo akafika nchi kavu.

Basi, kila nyumba ikae na wazee wake, iandike katika daftari majina ya baba, ya babu na ya kijiji. Aliyebadili jina aje kwetu mashemasi, aseme kweli bila hofu. Wako kati yetu mashemasi waliofanya hivyo, nasi tutatangulia kuungama.

Bwana atuite kwa majina yetu. Amina.