Je, Mlezi wa Watoto Anywe Pombe Saa za Kazi?

Swali hili huletwa kwetu mara nyingi likiwa ndani ya swali jingine. Mzazi huanza kwa kuuliza kama ni dhambi Mkristo kunywa bia. Tunamjibu kwamba Kanisa letu halikufundisha hivyo, kwamba Zaburi ya 104 inaihesabu divai miongoni mwa zawadi za Mungu, na kwamba Bwana wetu mwenyewe aliwapa watu divai kwenye arusi ya Kana. Lakini huonekana hajaridhika, anabaki ameketi. Ndipo anaposema alilokuja kusema: yule anayemwachia mtoto wake mchana, hunywa. Halewi. Anakunywa kikombe kimoja, labda viwili, saa ya chakula, kisha anaendelea na kazi yake. Mtoto hajapatwa na lolote. Je, hapo pana ubaya?

Tunaandika kutoka Pemba, na huenda msomaji wa Bara akashangaa kwamba swali la namna hii linazaliwa huku. Karibu wakazi wote wa kisiwa hiki ni Waislamu, na kwao kileo ni haramu. Sisi Wakristo tu wachache: walimu, askari, watumishi wa serikali, mafundi, wafanyabiashara, wengi wetu tukiwa tumevuka bahari kuja kutafuta riziki Chake Chake, Wete au Mkoani. Hata hivyo penye mnazi hapakosi mgema. Tembo linalogemwa alfajiri ni tamu kama maji ya dafu, na anayelinywa saa hiyo anaweza kusema kwa haki kwamba hajanywa pombe. Lakini tembo halisubiri mtu. Jua likipanda nalo linachachuka, na kufika mchana lile lile lililokuwa kinywaji cha watoto limekuwa kileo. Tunalitaja hili kwa sababu utetezi wa kwanza tunaousikia ni huo, kwamba lilikuwa tembo tamu tu. Lilikuwa tamu saa ngapi?

Tukisema mlezi hatumkusudii yaya aliyeajiriwa peke yake. Tunamkusudia pia mwalimu wa chekechea, dada wa kazi anayepika huku mtoto wa mwaka mmoja akimshika kanga, na jirani anayekusanya watoto wa nyumba nne uani kwake msimu wa karafuu, wakati wazazi wako mashambani tangu alfajiri, wengine juu ya mikarafuu na wengine chini wakichambua makonyo. Msimu huo kila mkono una kazi, na watoto wadogo huangukia mikononi mwa yeyote aliyebaki nyumbani. Mara nyingi hakuna mkataba wala malipo ya maana. Kuna neno moja tu, nalo Wapemba wanalijua vizuri kuliko sisi: amana.

Amana si mali yako. Umeshikishwa, na aliyekushikisha atarudi. Mtume Paulo, katika Biblia yetu ya Kiswahili, anamwagiza Timotheo kuilinda amana, nasi wahubiri hulichukua neno hilo na kulielekeza moja kwa moja kwenye mafundisho ya imani. Ni sawa. Lakini mama wa Wete anayemkabidhi mwanawe saa kumi na mbili asubuhi analitumia neno hilo hilo bila tafsiri yoyote, na ana haki ya kuuliza amana yake imelindwaje.

Tuingie sasa katika hoja yenyewe, na tuitendee haki. Anayetetea kikombe kimoja cha mchana anasema hivi: dhambi iko katika ulevi, haiko katika kinywaji, mimi sikulewa, mtoto yuko salama, kosa liko wapi? Hoja hii ina nguvu, nasi Walutheri ndio tusioweza kuipuuza. Katharina von Bora, mke wa Martin Luther, alikuwa akitengeneza bia katika nyumba yao ya Wittenberg, nyumba iliyojaa watoto wao, yatima wa ukoo, wanafunzi na wageni. Luther aliipenda bia ya mkewe na hakuficha. Tukisema kwamba kila mwenye kugusa kikombe mbele ya mtoto ametenda dhambi, tumeifungia milango nyumba ile.

Lakini tuitazame nyumba ile vizuri. Ilikuwa imejaa watu wazima. Mtoto akijikwaa ngazini palikuwa na macho kumi. Uani kwa jirani yetu msimu wa karafuu pana jicho moja na watoto saba, na pana kisima, pana mafiga yenye moto, pana ndoo ya maji ya kufulia. Kila muuguzi anajua kwamba mtoto wa mwaka mmoja anaweza kuzama ndani ya ndoo iliyojaa nusu, na kwamba anazama kimya. Hapigi kelele kama tunavyodhani. Ni jambo la dakika chache tu. Pombe nayo haiondoi kwanza uwezo wa kusimama au kusema. Hiyo ni hatua ya baadaye, ile ambayo hata mtoto anaweza kuitambua. Kinachopungua kwanza ni wepesi wa kugutuka, na pamoja nao uwezo wa mtu kujipima mwenyewe. Ndiyo maana ushahidi wa mnywaji kwamba hakulewa ni dhaifu hata kama hasemi uongo: chombo cha kupimia ndicho kilichoguswa. Wala kahawa au maji baridi usoni hayasaidii. Ini huondoa pombe kwa mwendo wake, takriban kinywaji kimoja kwa saa, na halisikilizi haraka zetu.

Basi kauli ya kwamba mtoto hajapatwa na lolote haituambii kama mlezi alifanya sawa. Inatuambia tu kwamba siku hiyo mtoto hakwenda kisimani. Kama angekwenda, mlezi angekuwa ametenda jambo lile lile, kwa kikombe kile kile, nasi tungemwita muuaji. Haiwezekani tendo moja liwe halina neno Jumatatu na liwe ovu Jumanne kwa sababu ya miguu ya mtoto. Ubaya au wema wa tendo lazima utafutwe pale mlezi alipokuwa na uamuzi mkononi, yaani aliponyoosha mkono kuchukua kikombe akijua nani wamemzunguka.

Katika Samweli wa Pili, sura ya 4, kuna yaya ambaye jina lake halikuandikwa. Habari za kufa kwa Sauli na Yonathani zilipofika kutoka Yezreeli, alimnyanyua Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, mtoto wa miaka mitano, akakimbia naye ili amwokoe. Katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete miguu yote miwili maisha yake yote. Tunapolisoma fungu hili pamoja na walimu wa shule ya Jumapili, huwa kimya kidogo. Yaya yule hakuwa amelewa. Alikuwa macho, alikuwa mwaminifu, alimpenda mtoto kiasi cha kuhatarisha maisha yake. Na bado mtoto alimponyoka. Biblia haimlaumu, nasi tusimlaumu. Lakini kama mikono yenye akili timamu na upendo wote ule inaweza kumwangusha mtoto, nani kati yetu ana ziada ya uangalifu ya kuigawa kwa kikombe?

Kwa hiyo tunamjibu mzazi: ndiyo, pana ubaya, hata kama hakulewa. Na jibu hili hatulitoi katika kanuni ya kwamba pombe ni haramu, maana kanuni hiyo hatunayo. Tunalitoa katika Walawi sura ya 10. Baada ya Nadabu na Abihu kufa, Haruni na wanawe waliagizwa wasinywe divai wala kileo wakati wa kuingia katika hema ya kukutania. Wakati wa kuingia. Wakiwa nyumbani, divai ilikuwa halali kwao kama kwa Waisraeli wengine. Katazo lilifungwa kwenye saa na kwenye kazi. Mithali 31 inafanya vivyo hivyo kwa wafalme, na sababu inayotajwa si afya ya mfalme wala heshima yake. Ni haki ya wanyonge, isije ikapotoshwa. Na mama yake Samsoni, katika Waamuzi 13, alitakiwa aache divai kwa muda kwa ajili ya mtoto aliyekuwa bado hajazaliwa. Mara zote tatu anayejizuia hajizuii kwa ajili yake mwenyewe.

Wapo watakaosema tumeipandisha mno kazi ya yaya, kumweka pamoja na kuhani na mfalme. Luther angewashangaa. Mwaka 1522, katika maandishi yake juu ya maisha ya ndoa, alimweleza baba anayefua nepi za mwanawe huku watu wakimcheka, akasema mbinguni hawamcheki, wanafurahi. Kama kufua nepi ni ibada, basi ua ule wenye watoto saba ni hema ya kukutania, na anayeingia humo aingie na akili zake zote.

Hapa mzee mmoja wa usharika aliwahi kutuchokoza: na ninyi wachungaji mnaomaliza kikombe cha Meza ya Bwana, kisha mkaenda kufundisha watoto? Tulicheka, lakini ni swali zuri. Jibu letu ni kwamba funda moja la ushirika si kinywaji cha mchana, na kwamba kikombe kikibaki na divai nyingi, mchungaji mwenye watoto wa kufundisha saa hiyo hiyo awaite wazee wamsaidie kukimaliza. Sheria inayomfunga yaya na kumwacha mchungaji si sheria ya Mungu.

Juu ya majirani zetu Waislamu tuseme machache. Warumi 14 inatukataza kumkwaza ndugu kwa chakula au kinywaji, na ni kweli kwamba mlezi Mkristo anayenuka tembo hapa kisiwani anavunja imani ya mtaa mzima, si ya nyumba moja. Lakini tunaogopa kuifanya hiyo kuwa sababu kubwa. Anayeacha kwa ajili ya macho ya watu atakunywa mlango ukifungwa. Na kwetu huku, ambako kunywa hadharani ni aibu, hatari ni hiyo hasa: mtu anakunywa haraka, chumbani, peke yake, kisha anatafuna karafuu mbili kuua harufu na kurudi kwa watoto. Karafuu za Pemba ni nzuri kwa mengi. Hazirudishi umakini.

Limebaki jambo ambalo wazazi hawapendi tulitaje. Tumesema katazo limefungwa kwenye saa za kazi. Saa hizo ni zipi? Dada wa kazi anayelala nyumbani kwa mwajiri huamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Usiku mtoto akilia, ni yeye anayeitwa. Kazi yake haina mwisho. Tukimwambia asinywe saa za kazi, tumemwekea nadhiri ya maisha ambayo sisi wenyewe hatukuiweka, kwa mshahara ambao wengi wetu tungeona haya kuutaja mbele ya madhabahu. Tumekutana na nyumba ambamo baba hurudi amelewa kila Ijumaa, na yaya akafukuzwa kwa chupa moja iliyokutwa chini ya kitanda chake. Baba yule naye ni mlezi. Usiku ule, kama mama yuko safarini na yaya hayupo, yeye ndiye aliyeshika zamu, na Walawi 10 inamhusu.

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inataka maslahi ya mtoto yawekwe mbele. Maslahi hayo hayalindwi kwa kumnusa yaya mdomo kila jioni. Yanalindwa kwa kumpa siku ya mapumziko inayojulikana, saa ya kumaliza kazi inayojulikana, na mtu wa kumpokea mtoto. Na akionekana ameanza kunywa mchana, aulizwe kwanza kabla ya kufukuzwa. Wengine wana msiba walioacha nyumbani Bara, wengine hawajalala vizuri kwa wiki kadhaa, wengine tayari wamefungwa na pombe na wanahitaji hospitali pamoja na maombi. Wakati anaulizwa, watoto washikwe na mwingine. Upole kwake usilipiwe na wao.

Kwa wanaoajiri, tunashauri makubaliano yasemwe wazi siku ya kwanza, mbele ya shahidi: tangu mtoto anapopokelewa hadi anaporudishwa mikononi mwa mzazi, hakuna kileo, hata tembo la asubuhi, na sharti hilo linamfunga pia mzazi anapokuwa zamu. Baada ya mtoto kupokelewa, yaya yule ni mtu huru. Anachokunywa jioni ya siku yake ya mapumziko ni jambo la dhamiri yake, na kama akipenda, la mchungaji wake. Mwajiri hana sauti hapo.