Umeachwa na Timu, Hujaachwa na Mungu

Somo: Mwanzo 41:9-14



Ukipeleka CV yenye waajiri 14, anayekusaili atataka kujua kwanza: "Shida yako ni nini?" Wako kati yetu ambao kandarasi zao zimekatika mara ya pili, mara ya tatu, na sasa wanajiuliza swali hilo wenyewe, usiku, wakiomba. Ujumbe wa wiki hii ni wenu.

Kuna mchezaji Mmarekani anaitwa Josh Johnson. Anacheza ule mpira wao wa helmeti, nafasi ya kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira na kuamua aurushe, akimbie nao ama ampe mwenzake. Tampa Bay walimchagua mwaka wa 2008, baadaye wakamwacha. Kwa jumla amesajiliwa na timu 14 za ligi ya NFL, na hiyo ni rekodi. Mara nyingi huitwa kwa sababu mwingine ameumia. Mwenyewe akipona, Johnson anafunga virago.

Desemba 2018, kwotabeki wawili wa Washington walikuwa wamevunjika miguu. Johnson akapigiwa simu. Hakuwajua wenzake, kwa hivyo akatumia mchezo wa video wa Madden kujifunza majina yao. Siku chache baadaye akaanza mechi dhidi ya Jacksonville, wakashinda 16-13. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza kama kwotabeki wa kuanza, miaka 10 baada ya kuchaguliwa!

Sasa mtazame Yusufu. Nyumba ya baba, shimo, nyumba ya Potifa, gereza. Hakuna hata mahali pamoja alipohama kwa kupenda. Mnyweshaji aliyeombwa amtaje kwa Farao alimsahau miaka miwili. Lakini alipoitwa ghafula, alinyoa, akabadilisha nguo, akaenda. Hakuomba wiki mbili za kujipanga.

Tujifunze mambo matatu.

Kwanza, kuachwa si hukumu. Bajeti hukatwa, bosi hubadilika, mradi huisha. Usichukue barua ya HR ukaisoma kama barua kutoka mbinguni.

Pili, jifunze majina. Hata kama kibarua ni cha miezi mitatu, wajue watu na uifanye kazi kama ya kudumu. Yusufu gerezani aliona nyuso za wafungwa wenzake zimekunjamana, akauliza kwa nini. Mlango wake ulianzia kwenye swali hilo.

Tatu, na hapa tusidanganyane: kuwa tayari si dhamana ya kushinda. Januari 2023 Johnson, akiwa San Francisco, aliingia katika mechi ya kuamua nani aende fainali, baada ya kwotabeki kijana kuumia. Naye akagongwa kichwa, akatolewa. Wakalazwa 31-7. Hiyo ndiyo nafasi aliyoingojea miaka yote. Na msimu uliofuata alikuwa kazini tena, timu nyingine.

Siwezi kukuahidi ikulu ya Farao, mpendwa. Biblia inasema Bwana alikuwa pamoja na Yusufu gerezani, kabla ya ikulu. Hilo naweza kukuahidi.

Wiki hii: kama uliacha kuja ushirika wa nyumbani kwa aibu ya kukosa kazi, rudi. Nasi wengine, tukimwona, tusimuulize "uko wapi siku hizi?" Tumuulize anaendeleaje, kisha tungojee jibu.

Mbarikiwe.