Kaseti za Harusi na Shamba la Anathothi

Somo: Yeremia 32:6–15

Yeremia alikuwa amefungwa katika ua wa walinzi, jeshi la Babeli limeuzingira mji wa Yerusalemu, ndipo binamu yake Hanameli akamjia na ombi la ajabu: ninunulie shamba langu la Anathothi. Nani hununua shamba wakati adui yuko langoni? Yeremia akanunua. Akapima shekeli 17 za fedha, akaita mashahidi watie sahihi, kisha akamwagiza Baruku azitwae hati mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, aziweke katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi.

Wahubiri tunapenda kuishia kwenye imani ya nabii, na ni haki. Lakini wiki hii mimi nimeshikwa na kile chombo. Mtu aliyesikia sauti ya Mungu hakuona haya kufikiria unyevu na wadudu.

Unyevu sisi wa Timbwani, hapa Likoni, hatuhitaji kufundishwa. Bahari iko hapo ufuoni Shelly, chumvi inakula bawaba za milango, na kaseti za video zilizolala juu ya makabati tangu miaka ya themanini na tisini zimeota ukungu mweupe. Utepe wa kaseti ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku ulioshikwa na gundi. Gundi ikinyonya unyevu mwaka baada ya mwaka hulegea, unga hubanduka, na picha huondoka nao. Deki nazo zinakwisha. Mfumo wa VHS uliingizwa sokoni na JVC ya Japani mwaka 1976, na Funai, kampuni ya mwisho iliyokuwa bado ikitengeneza deki hizo, iliacha Julai 2016. Kwa hiyo kijana anayeniuliza kama inafaa kutoa pesa kuhamishia harusi ya wazazi wake kwenye kompyuta, namjibu inafaa, na afanye kabla ya masika yajayo.

Kazi yenyewe haina miujiza. Deki huunganishwa na kompyuta kwa nyaya tatu, ya manjano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti, kupitia kifaa kidogo cha USB. Kaseti yenye ukungu isitiwe kwenye deki kabla ya kusafishwa, maana itauchafua mtambo na kuziambukiza kaseti zitakazofuata. Tena tazama mgongoni mwa kaseti: kama kile kipande kidogo cha plastiki bado kipo, kivunje, mtu asije akarekodi juu yake. (Harusi ngapi za Likoni zimelala chini ya mechi ya mpira, Mungu ndiye ajuaye.) Baada ya hapo ni kungoja. Kaseti ya saa tatu huhamishwa kwa saa tatu, kwa mwendo ule ule ambao bibi harusi alitembea kuingia kanisani.

Watu wengi hulalamikia hizo saa. Humwachia fundi, jioni wakapokea flashi, flashi ikaingia droo, na ndani yake mna faili lenye jina la tarakimu tupu. Miaka michache baadaye mjukuu analifungua: ukumbi umejaa watu, wanakula pilau, wanacheka, wala hamjui hata mmoja. Picha imeokolewa, watu wamepotea. Ile hati ya Anathothi ilikuwa na uzito kwa sababu ya majina ya mashahidi walioitia sahihi mbele ya Wayahudi wote walioketi pale uani. Bila majina yale, ingekuwa wino tu.

Basi nawaomba zile saa tatu mumpe bibi. Mketisheni mbele ya kioo cha kompyuta, mmoja wenu ashike daftari, aandike dakika na jina: huyu ni mjomba aliyefanya kazi bandarini, huyu ndiye aliyepika, yule mtoto anayelia ndiye baba yako. Mwacheni asimame njiani, arudie, alie akitaka. Nimekaa na wazee wa ushirika huu wakati wa matanga, nikaona jinsi wanavyoijua nyumba yote ya mtu hadi kizazi cha nne, na jinsi tunavyongoja mpaka wazikwe ndipo tuulizane nani alikuwa nani.

Kwetu Likoni jambo hili lina uzito wake. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama, watu 272 wakafa. Nyumba iliyopoteza mtu siku ile, ikiwa na kaseti ya sherehe ya mwaka 1992, huenda hapo ndipo mahali pekee ambapo sauti yake bado inasikika. Agosti 1997 fujo zilipozuka, maelfu ya watu walikimbilia kanisa Katoliki la Likoni na walichoweza kubeba, na nyumba nyuma yao zikateketezwa. Siku kama hiyo nani anakumbuka kaseti? Inayopona ni ya yule aliyekuwa amempelekea ndugu yake wa Kisumu au Taita nakala. Yeremia alitaka hati mbili. Nanyi msitosheke na moja.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Kwenye kompyuta kukata ni rahisi, na mkono unawasha. Mume wa kwanza aondolewe, shangazi aliyegombana nasi kuhusu kiwanja aondolewe. Someni Mathayo sura ya kwanza. Akiandika ukoo wa Bwana wetu, Mathayo alikuwa na nafasi nzuri ya kukata, na bado akamweka Tamari, akamweka Rahabu, akamweka mke wa Uria, ingawa kumtaja tu huyo wa mwisho ni kuianika dhambi ya Daudi. Hakusafisha. Sisemi aliyepigwa na mumewe alazimishwe kumtazama kila Krismasi. Hapo ndipo zile hati mbili zinapotufaa: nakala kamili ifungwe, isiguswe, na nakala ya wazi iwe ile mtakayoitazama pamoja.

Majirani zetu Waislamu wana hoja kama hiyo, na ni ya haki. Kanda za sherehe ya kupamba bibi harusi, ambako wanawake wamevua mabuibui wakiwa wao kwa wao na mpiga picha ni mwanamke, haziachwi kwa fundi yeyote wa mjini. Kijana wa kanisa anayefanya kazi hii kwa malipo akiletewa kaseti ya namna hiyo, amwambie mwenyewe aje na binti yake aihamishe kwa mkono wake, na kisha asibakize kitu kwenye kompyuta. Sitara ya jirani ni amana.

Saa moja ya video kwa ubora wa DVD hula takriban gigabaiti 2, kwa hiyo diski moja ya kawaida inatosha ukoo mzima. Wiki hii, kabla hujauliza bei kwa fundi, muulize mzee wa nyumba yenu ana nafasi siku gani. Nunua daftari. Na nakala ya pili ikishakamilika, mpe ndugu anayeishi ng'ambo ya feri aiweke kwake.