Haki ya Mwili na Adabu ya Sinia

Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi, tulipokuwa tukisoma mlango wa amana, kijana mmoja aliinua mkono akauliza suala ambalo wengi wetu huwa nalo nyoyoni na hatulitamki. Alisema kuwa mtu akiiba mali ya mwenziwe, aliyedhulumiwa ajulikana. Na akimsengenya mtu, aliyesengenywa ajulikana. Lakini mtu akila ovyo, akakesha, akatafuna muguka mpaka alfajiri, akauharibu mwili wake mwenyewe, je, amemdhulumu nani? Kwani mwili si wake?

Wako waliocheka, na mzee mmoja akataka kumkemea. Sisi twaona suala lile lilikuwa bora kuliko majibu mengi tuliyozoea kuyatoa, na ndiyo sababu twaandika juu yake hapa.

Jawabu fupi kila aliyepita chuoni alijua: mwili si milki yetu bali ni amana, nasi tutaulizwa juu yake. Jawabu hili ni la kweli, lakini halikumtosha yule kijana, wala haliwatoshi wenziwe, kwani neno amana limesemwa mara nyingi juu ya mimbari hata masikio yamelizoea. Basi na tutazame kisa kimoja kilichothubutu katika hadithi zilizo sahihi.

Abdallah bin Amr bin al-As alikuwa kijana katika masahaba. Hakuwa mlevi wala mpuuzi. Lililompata ni kuzidisha ibada. Alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Khabari zake zilipomfikia Mtume (S.A.W.) alimkataza kuendelea hivyo, akamweleza kuwa mwili wake una haki juu yake, na jicho lake lina haki, na mkewe ana haki, na mgeni wake ana haki. Zingatia, ewe msomaji, jinsi haki hizi zilivyotajwa katika safu moja. Mwili haukutajwa peke yake, kana kwamba ni jambo baina ya mtu na tumbo lake. Umetajwa pamoja na mke na mgeni. Mwenye kulinyima jicho lake usingizi huamka hana uso wa kumkabili mkewe wala ulimi mwema wa kumkaribisha mgeni. Basi aliyeuliza nani amedhulumiwa, jawabu lake ni hilo: wamedhulumiwa wote waliokuwa na fungu katika nguvu zake. Na Abdallah alipokuwa mzee, nguvu zimempungua, alikuwa akitamani lau angaliikubali rukhsa ile aliyopewa na Mtume.

Ikiwa aliyeuchosha mwili wake kwa Sala na Saumu alizuiwa, seuze mwenye kuuchosha kwa soda na muguka?

Ama madhara ya chakula yana hila moja, nayo ni kuwa hayaji siku ile ile. Mtu akila kilichooza atajua usiku huo huo. Lakini sukari, chumvi na mafuta hukopesha kwa upole, kisha huja kudai baada ya miaka 20. Soda nyingi zina sukari ipatayo gramu 10 katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 500 hukaribia gramu 50. Na Shirika la Afya Duniani lashauri kuwa mtu mzima asizidishe kadiri ya gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na ni bora zaidi zisipite 25. Basi kijana aliyeinywa chupa hiyo njiani amekwisha kulimaliza fungu lake la siku kabla hajafika nyumbani kwenye chai na mahamri. Na chumvi, kipimo chake ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na imo humo ile ya mkate na ya chipsi na ya viazi vya karai.

Uchunguzi uliofanywa katika Kenya mwaka 2015 ulionyesha kuwa watu wazima 94 katika kila 100 hawakuwa wakila matunda na mboga kwa kadiri inayotakikana, nayo ni gramu 400 kwa siku. Na sisi twaishi katika pwani ya maembe, mapapai, mapera na matomoko! Mchicha huota mpaka katika mifereji. Asitwambie mtu kuwa chakula chema ni cha matajiri, maadamu kunde, mbaazi, dagaa na muhogo ni vyakula vya maskini, na mbora wa matabibu hangemwandikia mgonjwa vizuri kuliko hivyo.

Na hapa kuna neno la kuwahusu mabinti zetu. Msichana aliyevunja ungo huhitaji madini ya chuma zaidi kuliko nduguye wa kiume, kwa ile damu anayoipoteza kila mwezi. Katika nyumba nyingi yeye ndiye apikaye, naye ndiye alaye mwisho, baada ya wanaume kuchukua samaki na kumwachia mchuzi. Kisha hushushia kwa chai kali, nayo chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini hayo yasiingie mwilini sawasawa. Lau angaliingoja saa moja, na badala yake akakamua ndimu juu ya kunde zake, angalifaidika zaidi. Tukimwona amelegea na kizunguzungu chamshika, twasema ni jicho la hasidi.

Lakini elimu ya namna hii, ingawa ni ya lazima, haitoshi. Watoto wetu husomeshwa shuleni aina za vyakula, wakazichora katika madaftari kwa rangi nzuri, wakapewa alama, kisha kengele ikilia hukimbilia kununua chipsi mlangoni. Hawakukosa ilimu ya jambo. Walikosa mahali pa kulizoea.

Mahali hapo palikuwapo, napo ni sinia.

Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto mdogo katika malezi ya Mtume (S.A.W.), na mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku katika sahani. Mtume akamfundisha mambo matatu: alitaje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Hakungoja mpaka siku nyingine amweke kitako amsomee darsa. Alimfundisha mkono wake ungali sahanini. Na Umar alisema kuwa tangu siku ile ulaji wake ukawa ni huo. Hivyo ndivyo tabia ya mwili inavyofundishwa, kwa mwili wenyewe, mbele ya mtu umpendaye.

Nasi wenye umri twakumbuka. Sinia likitiwa kati ya mkeka, watu wanne au watano huzunguka. Mtoto hukatazwa kulia kitoweo kitupu. Samaki huvunjwa na mkubwa, naye humsogezea kila mtu kipande chake, na anayejaza tonge kubwa huonywa kwa jicho tu. Hakuna aliyetupimia gramu, lakini tulipimiwa. Mtu hakuweza kula zaidi ya haki yake bila ya kuiona haki ya mwenziwe ikipungua mbele ya macho yake. Na ule wenyewe ugomvi wa ukoko ulikuwa ni skuli, kwani ulimalizwa kwa kugawana.

Tena sinia lilikuwa ni tabibu. Mama alijua mwana ana homa kabla ya kumgusa, kwa kuwa mkono wake umekuwa mzito. Baba alijua mwanawe amefanya jambo, au amefanyiwa jambo, kwa namna alivyoinamisha kichwa. Leo kijana huchukua sahani yake akaingia nayo chumbani, simu mkono wa kushoto na chakula mkono wa kulia, na akishindwa kula mwezi mzima hapana ajuaye ila yule paka.

Masahaba walipata kumshitakia Mtume (S.A.W.) kuwa wanakula na hawashibi. Akawauliza kama huenda wanakula kila mmoja mbali. Walipokiri, akawaamrisha wakusanyike juu ya chakula chao na wataje jina la Mwenyezi Mungu, watabarikiwa. Wengi wetu tukisoma hadithi hii hudhani baraka ni kuwa wali huongezeka. Hilo kwa Mwenyezi Mungu si zito. Lakini iko njaa nyingine ambayo mtu hula na haishi, kwa sababu aliyeikosa si chakula bali ni watu. Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2025 lilisema kuwa mtu mmoja katika kila watu 6 ulimwenguni yuko katika upweke, na kuwa upweke huo wahusiana na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka, na vijana ni miongoni mwa wanaopatwa zaidi.

Akisema msemaji kuwa Qurani katika Suratin-Nur imeruhusu watu kula pamoja au mbalimbali, twamjibu: ndivyo. Hatusemi kuwa kula peke yako ni haramu, wala hatupendi desturi ya wale wanaoharamisha kila wasichokipenda. Vile vile hatutamtilia Mtume maneno asiyoyasema. Lile neno mashuhuri la kuwa tumbo ni nyumba ya maradhi, ambalo husomwa kama hadithi, wanazuoni wamelinasibisha na al-Harith bin Kalada, tabibu wa Waarabu. Ni neno zuri, lakini si hadithi. Na iliyopokewa juu ya theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi yatutosha. Jambo tunalolisema ni la malezi: halali ya kula mbalimbali isiwe ndiyo desturi ya nyumba mpaka watoto wasijue nyingine.

Na akisema wa pili kuwa vijana hawako peke yao, kwani kila usiku wamejaa maskani, basi hili ni neno lenye nguvu kuliko la kwanza. Kweli wanakutana, wakagawana muguka na peremende na soda kwa usawa ambao lau tungaliuona msikitini tungaliusifu. Muguka huuwa hamu ya chakula na hufukuza usingizi, kwa hiyo haki mbili za mwili huenda kwa pamoja usiku mmoja. Mwezi wa Mei 2024 gavana wa Mombasa alitoa amri ya kuupiga marufuku, na Kilifi nayo ikatoa yake. Mahakama ya Embu ikazisimamisha amri hizo. Sisi hatuingii katika ugomvi wa wakulima na magavana. Twauliza jambo moja tu: kijana yule hupata nini pale maskani? Hupata mtu wa kumsikiliza. Nyumbani baba yuko barazani hata Isha, na arudipo yuko mbele ya televisheni, mama amechoka. Tumewavunjia sinia, kisha twawalaumu kwa kuzunguka kitu kingine.

Na tusijidanganye kuwa tumeliacha sinia kwa umaskini. Katika harusi zetu masinia ya pilau hupangwa ukumbi mzima, na nusu yake humwagwa. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932 hapa hapa Mombasa, na israfu katika sherehe ilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapigia kelele. Tungali tukimsifu, na tungali tukimwaga.

Tulipoyasema haya katika darsa, au baadhi yake, kijana yule alisikiliza kwa adabu, kisha akasema: Mashekhe, mumesema kweli, lakini baba yangu yuko Uarabuni mwaka wa nne huu, na mama hurudi kazini saa nne za usiku. Mimi sikuchagua kula peke yangu. Nile na nani?

Palikuwa kimya. Suala la kwanza tulikuwa na jawabu lake vitabuni. Hili la pili halikuwamo. Tuliswali Isha tukatawanyika, kila mtu akaenda kwao kwenye chakula chake, na hatudhani kuwa yuko aliyekila kwa raha usiku ule.

Jumatatu iliyofuata, kwa kuwa wako wanaofunga Suna, mzee yule aliyetaka kumkemea alikuja na sinia limefunikwa kawa: muhogo wa nazi, kunde, na changu wawili wa kuchoma. Alimwita kijana kwa jina lake, akamweka ubavuni kwake. Tokea hapo kila Jumatatu nyumba moja huleta, kwa zamu, na sharti tuliloliweka ni kuwa kisizidi chakula cha kawaida cha nyumba ile, asije mtu akaona haya kwa mwenziwe. Upande wa wanawake nao wameanza, na huko waliokaa mwanzo ni mabinti.

Jumatatu iliyopita walikuwa watu 14 katika masinia matatu, na wawili miongoni mwao ni wa maskani ya nyuma ya soko. Soda haikuletwa. Palikuwa na maji ya ukwaju, na mmoja wa wale wawili alilalamika kuwa sukari yake ni kidogo.