Sanduku la Wote

Vijiji vilivyo chini ya milima ya Livingstone, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, kwa miaka mingi vilikuwa na njia mbili za kutokea: kungoja meli, Mv Songea au Mv Iringa, au kupanda mlima kwa miguu hadi Ludewa mjini. Posta iko huko juu. Na nchini mwetu kwa kawaida barua haimfuati mtu nyumbani. Mtu ndiye huifuata kwenye sanduku. Asiye na sanduku huazima la mwenzake.

Basi kijiji kimoja cha huko kilitumia sanduku la shule ya msingi. Mwalimu mkuu alipopanda mlima mwisho wa mwezi kufuata mishahara, alirudi na barua za kijiji kizima mkobani. Asubuhi majina yalisomwa mstarini, watoto wakazipeleka majumbani: habari za kijana aliyeko Dar es Salaam, za mgonjwa aliyelazwa Peramiho, za msiba. Nawaheshimu sana walimu wa namna hiyo. Hakuna aliyewalipa kwa kazi hiyo.

Mwalimu yule akahamishwa. Aliyempokea hakukuta popote palipoandikwa kwamba ada ya sanduku hulipwa kila mwaka. Wazazi walidhani shule inalipa, shule ikadhani kijiji kinalipa, na serikali ya kijiji haikuwahi kulijadili. Posta ikalifunga sanduku.

Mwaka huo binti mmoja alichaguliwa kuingia kidato cha kwanza, wa kwanza katika ukoo wao. Fomu ya kujiunga ilifika Ludewa, ikakaa. Baba yake alipata habari kwa abiria wa meli aliyeliona jina la binti ubaoni wilayani. Akapanda mlima usiku uleule. Posta wakamwambia barua za sanduku lile zilikwisha kurudishwa zilikotoka. Alipofika shule ya sekondari, siku za kuripoti zilikuwa zimepita na nafasi amepewa mwingine. Ada iliyomkosesha binti masomo, kila kaya ingeichangia kwa bei ya kiberiti.

Wapo wanaosema hayo ni ya zamani, sasa kuna simu. Lakini hadi leo mwanakijiji hujaza kwenye fomu namba ya jirani. Jirani akibadili laini, ujumbe umepotea vilevile. Mwaka 2022 nyumba zetu ziliwekewa namba katika Operesheni ya Anwani za Makazi, na ni hatua kubwa. Hata hivyo, namba ya mlangoni haishuki mlima na kifurushi wala cheti. Lazima awepo mtu.

Ndugu mwenyekiti wa kijiji, katika mkutano mkuu ujao waulize wananchi wako: ada ya sanduku inalipwa na nani, ufunguo anao nani, posta anakwenda nani na siku gani, na daftari la barua zilizopokelewa liko wapi. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, kabla matokeo ya darasa la saba hayajatoka.