Joho la Kaizari

Asomaye tamthilia ya Shakespeare, *Julius Caesar*, ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili ikachapishwa mwaka 1963, asiyaharakie majambia, bali atue katika onyesho la pili la sehemu ya tatu, ambamo Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari ingawa muungwana wa dhati kwa rai yangu, anahutubia kwa nathari, kisha anaondoka na kumwachia Antony, rafiki wa Kaizari, hadhara nzima pamoja na maiti. Antony, kwa nudhumu, analionyesha joho la marehemu tundu baada ya tundu, akimtaja aliyelitoboa, ilhali Kaizari alipochomwa yeye alikwisha kuondoshwa mahali pale, wala hakuona lolote! Waliomshangilia Brutus punde hivi wanakwenda kuichoma nyumba yake. Msomaji, lisome onyesho hilo kwa sauti, uipime kila hoja kabla hujalia pamoja nao.